Hesabu Niliyomfanyia Mpwa Wangu

Mpwa wangu alinikuta msikitini baada ya swala ya Isha, watu wakiwa wameshatawanyika, nami nikiwa bado nimeinamia daftari la michango ya ukarabati wa vyoo. Ni kijana wa miaka ishirini na miwili, na hakuwa na mazoea ya kubaki nyuma. Alinisalimu, akaketi, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mjomba, wewe ni mtu wa hesabu," akasema. "Naomba unisaidie hii."

Nilidhani ni hesabu ya biashara ya mama yake. Dada yangu huuza mchele sokoni hapa Tunduma, na gari analoliendesha kijana, Toyota Mark II, lilinunuliwa kwa fungu alilolipata dada katika mirathi ya marehemu mumewe. Asubuhi hubeba magunia, mchana hubeba abiria wa kukodi. Lakini karatasi ile haikuwa na mchele wala magunia. Kulikuwa na majina ya magari mawili, na mbele ya kila jina tarakimu mbili: nguvu ya injini na uzito wa gari. La kwanza lilikuwa hilo la mama yake. La pili lilikuwa Altezza ya kijana mwenzake, mtoto wa wakala wa forodha. Swali lake lilikuwa hili: magari haya yakisimama sambamba, yakaondoka kwa pamoja, na mwisho ukawa mita mia nne mbele, lipi litatangulia, na kwa sekunde ngapi?

Ilinipasa kumuuliza jambo ambalo mjomba yeyote angeliuliza kwanza, yaani anataka kujua kwa ajili gani. Sikumuuliza. Nakiri mbele ya wasomaji kwamba nilivutiwa. Chuoni nilisoma sharia na lugha ya Kiarabu, lakini kilichonifurahisha kuliko vyote ilikuwa ilmu ya faraidh, kule kugawa mirathi kwa sita, kwa nane na kwa ishirini na nne mpaka kila mwenye haki apate haki yake. Tangu hapo, nikiziona tarakimu mbili zimekaa jirani, mkono huniwasha.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Mbio za namna hii zilipata utaratibu wake Marekani, ambako mwaka 1951 Wally Parks alianzisha chama cha NHRA kwa nia ya kuwatoa vijana mabarabarani na kuwapeleka mahali palipopimwa na kulindwa. Viwanja kadhaa vya mwanzo vilikuwa njia za ndege zisizotumika tena. Umbali ukawekwa robo maili, yaani mita 402. Mwandishi wa mambo ya magari, Roger Huntington, alionyesha kwamba muda wa gari kumaliza umbali huo waweza kukisiwa kwa kujua nguvu na uzito tu, na mwaka 1973 mwanafizikia Geoffrey Fox akaeleza sababu zake katika jarida la fizikia la huko.

Kwa vipimo vyetu, kanuni ni hii. Chukua uzito wa gari pamoja na waliomo, kwa kilo, ugawe kwa nguvu farasi za injini. Tafuta kipeuo cha tatu cha jibu, yaani ile namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu hulirudisha jibu lile. Zidisha kwa nane. Hizo ndizo sekunde. Gari la kilo 1,000 lenye nguvu farasi 125 hutoa nane. Kipeuo cha tatu cha nane ni mbili. Mbili mara nane ni sekunde 16. Wako wanaozidisha kwa saba na nusu, na wako wanaozidisha kwa nane na kidogo, kwa kuwa matairi na ustadi wa dereva navyo vina neno. Nane inatosha kwa daftari la msikiti.

Siri ya kanuni hii imo katika kile kipeuo cha tatu. Injini hutoa nishati kwa kiasi kilekile kila sekunde, ilhali kila kilomita ya kasi inayoongezwa hugharimu nishati nyingi kuliko iliyoitangulia. Kwa hiyo ukiongeza nguvu ya injini maradufu, muda haupungui kwa nusu. Hupungua kwa moja ya tano tu. Ukitaka upungue kwa nusu, yakupasa uwe na nguvu mara nane. Ni biashara yenye faida ndogo mno, na kila shilingi unayoongeza hununua kidogo kuliko ile ya kabla yake.

Basi nikamfanyia. Mark II lina nguvu farasi 160 na uzito wa kilo 1,400 hivi. Pamoja na yeye mwenyewe, 1,470. Altezza ina nguvu farasi 210 na, pamoja na dereva wake, kilo 1,410. La mama yake likatoka sekunde 16.75, la mwenzake sekunde 15.1. Nikamwonya pia kwamba hizo ni nguvu za kwenye karatasi, zilizopimwa karibu na usawa wa bahari. Sisi wa Tunduma tunaishi zaidi ya mita 1,500 juu, hewa yetu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo huvuta pumzi pungufu kama mgeni wa Dar es Salaam anayepanda ngazi siku ya kwanza. Hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu zake. Kwa hiyo yeye angetumia karibu sekunde 17.7 na mwenzake karibu 15.9. Hewa haimpendelei yeyote; pengo lingebaki lilelile, zaidi ya sekunde moja na nusu, ambalo kwa kasi ile ni zaidi ya mita hamsini.

"Huwezi," nikamwambia, na nikahisi nimemaliza kazi.

Akauliza angehitaji nini ili wawe sawa. Hapo ndipo nilipoteleza. Nilimjibu kwamba aidha aongeze nguvu farasi sitini, na hizo hazipatikani kwa kubadili egzosi kama mafundi wanavyomwahidi, au aondoe uzito wa kilo mia nne. "Toa milango, toa viti, toa spea," nikasema nikicheka, "na ikibidi ujitoe na wewe mwenyewe." Yeye hakucheka. Alikuwa anaandika.

Ndipo nilipouliza nilichopaswa kuuliza mwanzo. Kumbe ilikuwa alfajiri ya Jumapili inayofuata, katika barabara kuu upande wa Mpemba, na kila mmoja aliweka laki tatu, mshindi achukue zote. Nilimweleza kwamba fedha inayotoka kwa washindani wote wawili namna hiyo ni kamari, na hilo halihitaji hesabu. Akainamisha kichwa. Nikaona haya kumwacha na katazo tupu, hivyo nikamsimulia habari ambayo naipenda, kwa sababu inahusu jambo hilihili alilolileta kwenye karatasi.

Ibn Umar (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi walioandaliwa kutoka Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa, na farasi wasioandaliwa kutoka Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq; na Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa wapanda farasi. Mmoja wa wapokezi alikadiria masafa ya kwanza kuwa maili tano au sita, na ya pili maili moja. Hayo maandalizi kwa Kiarabu huitwa tadhmiir. Farasi hulishwa mpaka apate mwili na nguvu, kisha hupunguziwa chakula na kufunikwa nguo atoke jasho, mpaka unene uishe na nguvu ibaki. Ni hesabu ileile ya nguvu na uzito, zaidi ya karne kumi na mbili kabla ya gari la kwanza. Tena waangalie walivyofanya: aliyepunguzwa uzito hakupambanishwa na asiyepunguzwa, kila kundi likawekewa mwanzo wake na mwisho wake. Na sote tumesoma jinsi Bi. Aisha (r.a.) alivyomshinda Mtume (s.a.w.) kwa mbio za miguu alipokuwa mwepesi wa mwili, na jinsi Mtume alivyokuja kumshinda baadaye, mwili wake ulipokuwa umeongezeka, akamtania kwamba sasa wamelipana.

Kijana alifurahi kwa habari hiyo. Mimi nilirudi nyumbani nikijiona mwalimu mwema.

Siku ya Alhamisi tulikuwa na msiba Mlowo. Baada ya Isha tukaanza safari ya kurudi: dada yangu, binti yake wa mwisho mwenye miaka sita, mimi, na kijana kwenye usukani. Nilifungua mlango wa nyuma, na pale palipokuwa kiti nikaona mkeka. Mkeka mzuri wa ukindu, umetandikwa kwa unadhifu juu ya bati tupu. Zulia halikuwapo, wala mikanda.

Dada alisema kiti kimepelekwa kwa fundi kushonwa; ndivyo alivyoambiwa. Mimi nilijua kilipo. Nilimtazama kijana kwenye kioo, naye akakwepesha macho. Na hapa nasema ukweli ambao haunipendezi: sikunyamaza kwa ajili ya kumsitiri yeye. Nilinyamaza kwa sababu kama ningesema neno, lingefuata swali la nani aliyempa fikra hiyo. Nikaketi kwenye mkeka, nikampakata mtoto, nikasoma dua ya safari. Gari lililopunguzwa kilo hamsini likapakia watu watatu wenye zaidi ya mara tatu ya hizo.

Tulipita Vwawa, tukapita Ihanda. Wasomaji wa huku wanaijua barabara hiyo usiku. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo na yanayotoka huko hupishana bila kukoma, na mtu akiwa nyuma ya moja lililopakia huona jinsi mlima unavyolinyenyekesha. Lori la tani 56, ambalo ndilo kikomo cha mizani yetu, lenye injini ya nguvu farasi 400, kwa kanuni yangu lahitaji kama sekunde 42 kumaliza mita zilezile mia nne penye tambarare. Na penye mwinuko wa mita sita kwa kila mia, haliwezi kuzidi kilomita 25 hivi kwa saa. Dereva wa gari dogo akikaa nyuma yake dakika tano subira humwisha, na pale Senjele wengi subira imewaisha vibaya.

Katikati ya Ihanda na Mpemba tairi la nyuma lilishindwa. Msumari tu. Kijana alikuwa kwenye kilomita sitini kwa saa. Alilishika gari vizuri, akalisimamisha kandoni, ingawa kando yenyewe pale ni finyu na gurudumu moja lilibaki juu ya lami. Akazima injini. Kukawa kimya, kisha lori likapita na gari zima likatikisika.

"Toa spea," dada akasema.

Hakuna aliyejibu. Akarudia. Kijana alinitazama mimi, na mama yake akayafuata macho yake.

"Aliitoa," nikasema. "Kiti pia alikitoa. Ni hesabu niliyomfanyia mimi." Nikamweleza yote pale pale, mbio, laki tatu, kilo mia nne, na mzaha wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mkubwa wangu kwa miaka tisa, na alinilea mimi pia. "Mdogo wangu," akasema, "nilikuona ulivyoingia ukakaa kwenye mkeka. Nikajiuliza mbona Katibu hashangai."

Alimchukua mtoto wakasogea mbali na barabara, chini ya mti. Mimi na kijana tukavunja matawi, kama ifanywavyo huku kote gari linapokwama, tukarudi nyuma kuyaweka barabarani ili wanaokuja watahadhari. Tuyaweke umbali gani? Hilo ndilo swali lililonirudisha kwenye hesabu, na safari hii hesabu ilikuwa na miguu.

Gari likienda kilomita 60 kwa saa, kwenye lami kavu na matairi mazuri, lahitaji mita kama 45 kusimama, ukihesabu pia ile sekunde moja na nusu ambayo dereva huitumia kuona, kuamua na kufikisha mguu kwenye breki. Mark II lingemaliza mbio za Jumapili likiwa kwenye kilomita 130 hivi kwa saa. Kwa kasi hiyo, sekunde moja na nusu peke yake imekula mita 54 kabla breki haijaguswa, kisha breki zataka mita nyingine 95. Kasi imezidi mara mbili na kidogo. Umbali wa kusimama umezidi mara tatu. Injini huuza sekunde kwa bei ya kipeuo cha tatu, kidogo kidogo kama bahili, lakini breki hudaiwa kwa mraba: kasi maradufu, deni mara nne.

"Hesabu hatua mia mbili," nikamwambia.

Tulitembea tukihesabu, hatua moja kwa mita sifuri nukta saba tano. Hatua ya sitini nikamwambia asimame. Hapa ndipo ungeanza kuona hatari ukiwa na kilomita sitini. Aligeuka. Gari lilionekana kama kivuli. Tukaendelea. Mia. Mia na hamsini. Mia mbili. "Geuka tena."

Hakukuwa na gari. Kulikuwa na giza, na mbali sana taa za Mpemba. Taa za chini za gari la kawaida humulika mita arobaini hadi sitini. Tulikuwa mara mbili na nusu ya hapo.

"Ungepaswa kuwa umeliona kutoka hapa," nikasema. "Hapa ulipo sasa."

Alisimama muda mrefu. Hakusema neno la toba wala la kubisha. Aliliweka tawi lake chini, akalinyoosha, kana kwamba mkao wake ulikuwa na maana kubwa. Nami nilikuwa nafikiria daftari jingine ninalolitunza pale msikitini, la mazishi, ambalo lina safu ya jina, umri na sababu. Katika safu ya mwisho, kwa vijana wa umri wake, nimeandika neno "ajali" mara nyingi kuliko ninavyopenda kuhesabu.

Dereva wa lori lenye namba za Zambia ndiye aliyetuokoa. Alisimama mbele yetu akawasha taa zote za hatari, akakaa pale bila kudai chochote mpaka bodaboda aliyeitwa kwa simu alipofika kutoka Tunduma amebeba spea mgongoni, ile ile iliyokuwa imelazwa uvunguni mwa kitanda cha kijana. Tulifika nyumbani baada ya saa sita usiku.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa dada. Kijana alikuwa uani anarudisha kiti, na aliniomba nimshikie upande mmoja. Aliniambia amemwarifu mwenzake kwamba hatakwenda, na mwenzake amemcheka. Atakimbia na mwingine. Kisha akauliza swali ambalo silo la hesabu. "Mjomba, umesema Wamarekani waliwatoa vijana barabarani wakawapa viwanja. Na Mtume (s.a.w.) aliwawekea mwanzo na mwisho. Sasa sisi twende uwanja gani?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Katika ajenda ya kikao kijacho cha kamati nimeandika, chini ya "mengineyo", mstari mmoja: vijana na magari. Mwenyekiti ameshaniuliza maana yake nini.

"Hiki kiti na spea na vikorokoro vyote nilivyovitoa," akasema akiwa amelala chali kukaza nati, "ilikuwa sekunde ngapi?"

Nilikuwa nimeshapiga hesabu. "Sehemu mbili za kumi za sekunde."

"Kufumba na kufumbua."

"Ndiyo."

Alikaza nati ya mwisho. Dada alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga, hakutusalimu, akaenda moja kwa moja nyuma ya gari. Akafungua buti, akaitazama spea, akaibonyeza kwa kidole gumba kama anavyobonyeza gunia la mchele la mtu asiyemwamini, kisha akalifunga buti na kurudi jikoni.